Kila Koperative Isomeshe Mtoto Mmoja Mambo ya Misitu



Mtoto akimaliza sekondari hapa kwetu, akasema anataka kwenda chuo kusoma udaktari, jamaa wote wanafurahi. Akisema sheria, wanapiga vigelegele, hata kama hakuna anayejua pesa itatoka wapi. Lakini akisema anataka kusoma misitu, watu wanaangaliana. "Miti iko inasomwa?" Mjomba anauliza huku akicheka. "Babu yako alizaliwa porini, baba yako alizaliwa porini, na wewe unataka tulipe minervale ili ukafundishwe pori?"

Sisi tunaoandika haya ni wakulima wa mpunga, mihogo, karanga na mawese, wa upande wa Kasongo na wa upande wa Kabambare. Swali la mjomba tumelisikia mara nyingi, na tunataka kulijibu kwa kirefu, sababu tunaona linatuletea hasara. Maoni yetu ni haya: kila koperative, au koperative mbili tatu zikiungana, isomeshe mtoto mmoja mambo ya misitu, kwa mkataba ulioandikwa, na masomo yake ya vitendo yafanyike katika pori letu wenyewe. Hatusemi hivyo kwa kumhurumia mtoto. Tunasema kwa faida yetu sote.

Pori tunalijua, lakini hatujaliandika

Tuanze na mjomba, sababu hakukosea yote. Wazee wetu wanalijua pori. Wanajua mti gani unatoa dawa ya tumbo, mti gani hauliwi na mchwa, viwavi vinashuka mwezi gani, uyoga unaota wapi baada ya mvua za kwanza. Hakuna profesa atakayekuja kuwafundisha hayo.

Shida ni kwamba elimu hiyo iko kichwani. Mzee akifa, inakwenda naye. Na hata mzee akiwa hai, elimu yake haipiti mlango wa ofisi. Ofisini wanauliza mambo mengine: Pori lenu ni hekta ngapi? Mpaka unapita wapi? Miti ya mbao iko mingapi, na ina unene gani? Mnataka kukata mingapi kwa mwaka, na mingapi itabaki ili itoe mbegu? Hapo mzee anayejua kila njia ya pori ananyamaza, na kijana wa mjini mwenye GPS mkononi ndiye anasema kwa niaba yake.

Masomo ya misitu yanajibu maswali hayo. Mwanafunzi anajifunza kutambua mti kwa jani, kwa ganda, kwa utomvu na kwa harufu, na kuuandika kwa jina ambalo mtu wa Kisangani au wa Brazil atalielewa. Anajifunza kupima. Unene wa mti haupimwi chini kwenye mizizi. Unapimwa mita 1,30 juu ya ardhi, na ni vilevile karibu dunia nzima, ili kipimo cha huyu kilingane na kipimo cha yule. Anazungusha utepe kwenye shina, kisha anagawanya kwa 3,14. Mti wenye mzunguko wa sentimita 220 una unene wa sentimita 70. Anajifunza pia kukadiria pori zima bila kugusa kila mti: anachora viwanja vidogo kwa utaratibu, anahesabu iliyomo, halafu anapiga hesabu ya eneo lote. Na tena kuna pepinyeri ya miche, udongo, moto wa porini, nyuki, kusoma na kuchora ramani, na sheria.

Hakuna hata moja hapo linaloshindana na mzee. Mzee anataja mti kwa Kibangubangu au kwa Kikusu, mtoto anaandika. Wakifanya kazi pamoja, ofisi haiwezi kuwafukuza.

Haki tunayo, lakini inadai karatasi

Wengi wetu bado hatujui kwamba sheria ya nchi imetufungulia mlango. Sheria ya misitu, namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, katika kifungu cha 22, inasema jamii ya mahali inaweza kuomba na kupewa pori ambalo inalimiliki kwa desturi. Watu walingojea miaka 12 ili njia yenyewe ionyeshwe. Ilionyeshwa na dekreti namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014, kisha arete ya waziri namba 025 ya tarehe 9 Februari 2016 ikaeleza jinsi ya kulisimamia na kulitumia.

Ndani ya maandiko hayo kuna jambo kubwa. Jamii inaweza kupata mpaka hekta 50 000, yaani kilomita za mraba 500. Hati hailipiwi. Tena haina mwisho: haitolewi kwa miaka 25 kama mkataba wa kampuni, inabaki kwa watoto na wajukuu. Anayeitia sahihi ni gavana wa jimbo.

Ni kama zawadi. Lakini angalieni zawadi hiyo inadai nini. Inadai barua ya maombi iliyosainiwa na wawakilishi halali wa jamii. Inadai ramani yenye mipaka ambayo majirani wanaikubali, sababu mpaka usiokubaliwa unaleta kesi, na kesi ya mpaka kwetu inaweza kuleta panga. Inadai jamii ijipange: mkutano wa jamii, kamati ya usimamizi, kamati ya kudhibiti na kufuatilia, na baraza la wazee. Na hati ikishapatikana, kabla ya kuanza kuvuna, unatakiwa mpango ambao sheria yenyewe inauita mpango rahisi wa usimamizi. Neno "rahisi" lisiwadanganye. Ndani yake mnaandika pori limegawanywa vipi, wapi patakatwa, wapi patalimwa, wapi patapumzika, wapi hapaguswi, na miti iliyopo ni mingapi kwa kila aina. Nani kati yetu ataandika hayo?

Leo jibu ni moja: mtu wa nje. Shirika linakuja na mradi wa miaka miwili au mitatu na wataalamu wake. Wanafanya kazi nzuri, tunawashukuru. Mradi ukiisha, gari linaondoka, GPS inaondoka, na kompyuta yenye ramani yetu inaondoka. Inabaki karatasi moja kwa shefu wa grupma, na mvua ikivuja mara moja, karatasi nayo imekwisha. Tunayasema haya katika gazeti la shirika lenyewe, sababu ni kweli, na wao wanajua kwamba ni kweli.

Mti mmoja, hesabu mbili

Kama sheria inaonekana mbali, tuje kwenye pesa. Mnunuzi wa mbao anafika kijijini na tronsoneze yake. Anaonyesha mti, anataja bei ya mti mzima, tunabishana kidogo, anaongeza noti mbili, na sisi tunafikiri tumeshinda.

Tuchukue mfano. Shina limenyooka mita 10, unene wake ni sentimita 70. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakuambia kwamba shina hilo lina karibu mita za ujazo 3,85. Tronsoneze inaharibu sana, mengi yanabaki chini kama unga na vipande. Tuseme theluthi moja tu inatoka mbao, yaani karibu mita za ujazo 1,28. Ubao wa mita 4, upana wa sentimita 30, unene wa sentimita 2 na nusu, unachukua 0,03. Basi mti ule mmoja umetoa mbao kama 42.

Sasa kila mmoja wetu azidishe 42 kwa bei ya ubao katika soko la kwake. Atoe pesa ya mafuta, ya wapasuaji, ya wabebaji, ya njia na ya ushuru. Kinachobaki akiweke pembeni ya noti tulizopokea. Hatuandiki jibu hapa, sababu bei ya Samba si bei ya Kabambare. Lakini tunajua mtakaa kimya kidogo baada ya hesabu hiyo.

Hatusemi kila mnunuzi ni mwizi. Tunasema yeye anakuja amepiga hesabu, sisi tunakuja na macho tu. Mtoto wetu aliyesoma angetuambia pia mambo mawili mengine: kama mti ule umefikia unene ambao sheria inaruhusu kukatwa, na kama mnunuzi ana kibali cha kukata au hana. Mti unaouzwa kwa mtu asiye na kibali, kesho inakuwa kesi, na kesi inabaki kijijini.

Kutoka mwenye faini hadi mtoto wa nyumbani

Kuna sababu nyingine inayofanya watu wasipende masomo haya. Wazee wetu walirithi kumbukumbu mbaya. Tangu mwaka 1917 Wabelgiji waliweka mazao ya lazima, na Maniema ilikuwa moja ya sehemu za kwanza kulimishwa pamba kwa nguvu. Agronomo na monitere wake walikuwa watu wa daftari: huyu hajapalilia, huyu hajafikisha kipimo, faini, fimbo, gereza. Hata leo mtu wa Mazingira akionekana njiani, wenye makala wanaingia porini na mizigo yao. Kwa watu wetu, mtu wa misitu ni mtu wa kukataza.

Lakini mpunga wetu nao ulikuja na wageni, watu wa Pwani waliokaa Kasongo na Nyangwe katika karne ya 19. Sisi tukauchukua, tukaufanya wetu, leo hakuna anayeuita mpunga wa mgeni. Elimu ya misitu inaweza kuchukuliwa hivyohivyo. Inageuka kuwa yetu siku ile anayeijua anasimama mbele ya mkutano mkuu wa koperative, anatoa hesabu yake, na mama wa mstari wa nyuma anamuuliza swali kwa lugha ya nyumbani, naye anatakiwa kujibu.

Tena kazi ya mtu huyo haitakuwa kukataza tu. Mashariki ya Kinshasa, kwenye uwanda wa Bateke, kuna mahali panaitwa Mampu. Ilikuwa nyasi na mchanga. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipandwa akasia, hekta karibu 8000, kisha ikagawanywa kwa familia za wakulima, karibu hekta 25 kila familia. Mkulima anapanda mihogo na mahindi katikati ya miti michanga, anavuna. Miti inaendelea kukua na kurudishia udongo nguvu kwa mizizi yake. Baada ya miaka kama kumi anaikata, anachoma makala ya kuuza mjini, na moto wa mabaki unaamsha mbegu zilizolala chini. Shamba linaanza tena. Asali pia wanapata.

Je, sisi tufanye vilevile? Hapo ndipo anahitajika mtu aliyesoma. Akasia ile ni mti wa kigeni, na udongo wa Bateke ni mchanga. Udongo wetu si huo. Upande wetu pori na nyasi vinakutana, na kila mwaka tunaona nyasi zikisogea mbele. Mababu waliacha shamba lilale mpaka miti irudi. Sisi tunarudi mapema, sababu mashamba ya karibu yamekwisha, na mpunga unatoa kidogo. Mtoto wetu akipanda majaribio matatu, moja la akasia, moja la miti ya hapa, moja la shamba lililolala tu, miaka michache baadaye tutajua kwa macho yetu. Hiyo ni bora kuliko kuiga.

Chuo kidogo si aibu

Sasa mzazi anasema: sawa, lakini chuo chenyewe ni kidogo. Mtoto wangu akasome nyumba ya matofali manne?

Tuangalie vyuo vikubwa kwanza. Wabelgiji walianzisha INEAC mwaka 1933, na Yangambi ikawa kituo chake kikubwa, kwenye mto huohuo wetu, Lualaba ukishaitwa Kongo. Mwaka 1973 kikaanzishwa chuo cha kilimo cha IFA-Yangambi, ambacho baadaye kilihamia Kisangani. Kinshasa kuna ERAIFT, tangu 1999, kwa wale ambao tayari wana diploma za juu. Ni mahali pa heshima. Lakini kwa miaka mingi matunda yalikuwa machache: watafiti wa CIFOR wameandika kwamba mwaka 2005 nchi yetu nzima ilikuwa na watu sita tu wenye masomo ya misitu ya kiwango cha master au zaidi. Tangu hapo Kisangani imefundisha wengi. Hata hivyo, mtoto wa Wamaza au wa Kabambare anayetaka kufika huko anahitaji pesa ya njia, ya nyumba na ya chakula, kabla hajalipa chuo. Na akishazoea mji mkubwa, kurudi ni kazi.

Angalieni majirani. Tanzania wanafundisha mambo ya misitu Olmotonyi, karibu na Arusha, chini ya Mlima Meru, na ufugaji wa nyuki wanaufundisha Tabora. Uganda wana chuo cha Nyabyeya, pembeni ya msitu wa Budongo. Kenya wana chuo cha misitu Londiani. Hivi si vyuo vya miji mikuu. Viliwekwa karibu na miti, sababu mwanafunzi wa misitu asiyelowa mvua hajasoma. Kwetu upande wa Mashariki, Butembo wana taasisi ya juu inayofundisha kilimo, mifugo na misitu pamoja.

Hatutaki kuficha udhaifu wa vyuo vidogo. Tuna watoto waliopita humo. Maktaba ni kabati moja. Profesa mgeni anafika, anafundisha kozi nzima kwa wiki mbili, asubuhi mpaka jioni, anatoa mtihani, anapanda pikipiki anaondoka. GPS ni moja kwa darasa zima. Wengine wanamaliza na diploma bila kupima hata mti mmoja, wameona miti kwenye silabi tu. Huyo naye mkimleta porini, atapotea kama mgeni.

Lakini hapo ndipo sisi tuna kitu cha kutoa. Chuo kinakosa pori la kufundishia, sisi tunalo. Chuo kinakosa walimu wanaotambua mti usiku kwa harufu, sisi tunao, wamekaa barazani. Sisi tunakosa ramani na hesabu, na chuo kina vijana wanaotafuta kichwa cha TFC, ile kazi ya mwisho wa masomo. Tukikubaliana, kila mwaka vijana wachache watakuja kwetu kwa staji, koperative itawapa mahali pa kulala na ugali na sombe, na wao watatuachia nakala ya kila walichopima. Chuo kidogo kilicho karibu kinaweza kufanya hivyo. Kile kikubwa kilicho mbali hakiwezi.

Na Kasongo si mara ya kwanza kufanya jambo kama hili. Miaka ya 1970, hapahapa, madaktari wa nchi pamoja na wale wa chuo cha magonjwa ya tropiki cha Antwerp, Ubelgiji, walijenga mtandao wa vituo vya afya kuzunguka hospitali. Hawakungojea daktari apatikane kwa kila kijiji. Waliweka wauguzi karibu na watu, wakawafundisha, wakawafuatilia. Kazi ile iliandikwa na kusomwa mbali sana, na Kasongo ikawa mojawapo ya mahali ambapo mpango wa maeneo ya afya wa nchi yetu ulijaribiwa. Pori nalo linahitaji muuguzi wake. Hatungojei profesa kwa kila kijiji.

Tufanyeje

Tunapendekeza hivi, na kila koperative ibadilishe kulingana na hali yake.

1. Mtoto achaguliwe na mkutano mkuu, si na rais wa koperative peke yake wala na shefu peke yake. Awe amefaulu vizuri hesabu na biolojia, na awe mtu anayependa kutembea porini. Msichana apewe nafasi sawasawa. Wanawake wetu ndio wanaotafuta kuni, uyoga, majani ya kufungia na dawa. Binti wao akiuliza, watamwambia mambo ambayo hawatamwambia kijana.

2. Kabla ya kulipa hata franka moja, watu wawili waende kukiona chuo. Waulize kama kimekubaliwa na wizara ya elimu ya juu, na waombe kuona karatasi yenyewe. Waulize walimu wa kudumu ni wangapi, vifaa ni vipi, na wanafunzi wanalala porini siku ngapi kwa mwaka. Waulize pia kama kinafuata mpango mpya wa LMD, ambapo licence ni miaka mitatu na master ni miwili. Koperative inaweza kuahidi ile mitatu tu, mengine baadaye.

3. Mchango uwe wa mazao. Koperative yenye watu 120, kila mtu akitoa kilo 2 za mpunga kwa mavuno, ni kilo 240. Haitalipa yote, lakini ni mwanzo, na mzazi aongeze sehemu yake. Pesa ipelekwe chuoni kwa kila semesta, risiti isomwe mbele ya mkutano. Asipewe mtoto pesa yote mkononi.

4. Mkataba uandikwe. Kila likizo kubwa arudi afanye kazi porini kwetu. TFC yake iwe juu ya pori letu, na nakala mbili zibaki: moja ofisini, moja kwa shefu. Akimaliza, aitumikie koperative miaka mitatu kwa malipo ya haki. Akitaka kuondoka mapema, arudishe sehemu ya mchango ili mwingine asome.

5. Kila mwaka aende na wazee wawili na vijana wanne porini. Hao vijana wanne wajifunze kupima na kutumia dira. Hivyo akiugua au akiondoka, kazi haifi.

Wanaokataa wanasema nini

Wanasema: "Hatarudi." Inawezekana. Wengi hawarudi. Lakini tujiulize wanarudi kwenye nini. Kijana anarudi na diploma, hakuna kazi, hakuna meza, watu wanamcheka, na Namoya zahabu inamwita. Baada ya mwezi mmoja yuko shimoni na koleo, au yuko barabarani na pikipiki ya mtu. Tusiseme elimu yake imepotea kwa kosa lake peke yake. Anayejua kwamba kuna kazi inayomngoja, ramani inayomngoja na watu 120 waliotoa mpunga wao, huyo ana sababu ya kurudi.

Wanasema: "Ni kazi ya serikali." Kweli, ni kazi yake. Tuendelee kuidai. Lakini mpaka wa pori letu haungoji bajeti. Na sheria ya koperative tunayoifuata, ile ya OHADA ya mwaka 2010, yenyewe inataka koperative iweke akiba ya mafunzo kuhusu ushirika. Akiba hiyo ina kazi yake, hatusemi ichukuliwe. Tunasema inaonyesha kwamba kufundishana ni kazi ya koperative, kama kununua mbegu.

Wanasema: "Kupanda mti hakutaki diploma." Hili ndilo neno lenye nguvu kuliko yote, na tunalikubali. Wangari Maathai wa Kenya alipoanza na wanawake wa vijijini mwaka 1977, wao hawakuwa na diploma yoyote, na walipanda mamilioni ya miti. Lakini tukumbuke kwamba aliyewasemea ofisini na mbele ya wakubwa, aliyejua kuandika barua na kusoma hati za ardhi, alikuwa mwanamke aliyesoma mpaka akawa profesa. Mikono mingi ilipanda, na kulikuwa na mmoja wa kusoma karatasi. Sisi mikono tunayo.

Kwa mkutano ujao

Tunaomba jambo moja. Katika mkutano mkuu unaokuja baada ya mavuno ya mpunga, katibu aweke kwenye orodha maneno haya: "Mtoto wa kusoma misitu." Watu wajadili, wakatae kama wanataka kukataa, lakini wajadili wakiwa na hesabu ya zile mbao 42 mbele yao.

Na wakati mnajadili, kuna kazi isiyohitaji pesa wala chuo. Mkusanyeni mzee mmoja anayelijua pori na mwanafunzi mmoja wa sekondari mwenye daftari. Wafuate mpaka mmoja, wa mto mmoja au wa kilima kimoja. Mzee ataje, mtoto aandike: jina la mahali, jina la mti, jina la ukoo unaopakana. Daftari hilo litakuwa ukurasa wa kwanza wa dosye yetu, na yule atakayekwenda chuo ataondoka nalo mkononi.